Chini ya Mstari wa Maji, Siondoki Tena

Jumapili iliyopita soja mmoja alinifukuza baharini. Sio kwa bustani ya hoteli, sio kwa vile vitanda vyao vya kuota jua. Baharini. Nilikuwa nimesimama kwenye mchanga uliolowa, mawimbi yananigusa vidole, na gari langu la rimoti linakata kona mita kama ishirini mbele yangu. Akashuka ngazi na rungu mkononi, akaniambia, "Kijana, toa hiyo kitu hapa. Wageni wanapumzika."

Nikamwuliza, "Hapa ni wapi, mzee wangu?"

"Hapa ni hoteli."

Kabla sijamjibu, pikipiki ya magurudumu manne ikapita nyuma yake na wageni wawili juu, injini inanguruma, moshi ule. Soja akawapigia saluti. Maze, nakwambia saluti! Gari langu mimi lina kilo 2 na nusu na linatumia betri. Halina moshi. Mlio wake ni kama blenda iliyofunikwa na taulo.

Niliondoka. Ni mtu wa rika la babangu, na mimi sikulelewa kubishana na mzee mbele za watu. Lakini hiyo kitu imenikaa kooni wiki nzima, na leo naitema: siondoki tena. Na kabla wasee wa rimoti hamjaanza kunipigia makofi, subirini. Nusu ya hii maneno ni yenu pia.

Tuanze na soja, ama tuseme na aliyemtuma, kwa sababu soja mwenyewe anatafuta unga tu.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma. Ndani ya hiyo orodha iko ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Yote. Serikali ya kitaifa inaishikilia kwa niaba ya wananchi wa Kenya, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inaisimamia. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa mbele ya hoteli". Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa wageni wakipumzika". Ule mchanga uliolowa niliokuwa nimesimama juu yake masaa sita kabla ulikuwa chini ya bahari, na masaa sita baadaye ungerudi chini ya bahari. Wewe umewekaje geti hapo?

Najua kuna mtu anasoma hii akisema, "Buda, si ni toy tu? Mbona unaleta Katiba?"

Kwa sababu haianzi na toy na haitaishia na toy. Muulize yeyote aliyekulia Mombasa, ama Diani, ama Malindi, vile njia za kushukia baharini zimezibwa moja baada ya nyingine. Nikiwa mdogo huku Kisauni tulikuwa tunashuka kwa kichochoro fulani kati ya viwanja viwili. Tulibeba gari zetu za waya, magurudumu tumekata kwa malapa yaliyochakaa, tunazisukuma na kijiti hadi majini. Leo kile kichochoro kina geti jeusi na kibao cha mbwa mkali. Hakuna aliyetangaza. Siku moja kilikuwa njia, siku nyingine kikawa cha mtu. Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa watoto na gari zetu zilikuwa za waya.

Na maji ya bamvu yakijaa, kuna mahali yanapiga ukuta kabisa, hakuna hata pa kuweka mguu. Kwa hivyo sisi wa mtaa tunabaki na yale masaa machache ya maji kupwa. Hayo masaa machache ndiyo soja anatumwa kuja kuyachukua. Leo ni mimi na gari langu. Kesho ni msee wa madafu. Keshokutwa ni vijana wa mpira wa jioni. Ikifika zamu yako utasema nini, na wengine wote ulinyamaza wakifukuzwa?

Halafu kuna wale wa "huo ni mchezo wa watoto". Mamangu ni mmoja wao, na nampenda, lakini hapa amekosea.

Gari la rimoti na mchanga ni marafiki wa kitambo. Mwaka wa 1979 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lililoitwa Sand Scorcher, na hata jina lenyewe ni la mchanga. Lilifuata umbo la zile Volkswagen kobe ambazo watu wa California walikuwa wakizikata mabodi na kuzikimbiza jangwani. Wazee wa huu mchezo bado wanalitafuta, mpaka Tamiya ikalitoa upya mwaka wa 2010. Hiyo sio toy ya kununuliwa ukilia dukani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, karo ilishinda familia. Sijifanyi eti kuacha chuo ni ujanja. Ningekuwa na pesa ningemaliza. Lakini nilinunua hili gari likiwa limekufa, elfu 11, kwa msee aliyeshindwa kulitengeneza, na hapo ndipo nilielewa vitu nilivyokuwa nakariri darasani. Kwamba maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mfereji. Kwamba chumvi ikikauka ndani ya beringi inazila kimyakimya na siku tatu baadaye gurudumu linalia kama mlango wa zamani. Kwamba chembe ya mchanga ikiingia kati ya gia inasaga meno kama msasa. Kwamba hata lile gari limeandikwa halipitishi maji, watengenezaji wenyewe wanakuonya kuhusu maji ya bahari. Nimechoma mota mbili na servo moja kujua hayo. Hiyo ni karo pia, ila niliilipa kidogokidogo.

Kwa hivyo usiniambie napoteza wakati. Unaweza kuniambia kitu kingine, na hapa sasa ndio nageukia watu wangu.

Wasee wa rimoti, sisi pia tumekosea.

Desemba iliyopita nilikuwa Pirates, siku ya sikukuu, ufuo umejaa pomoni. Ngamia wanapita, matyubu ya kuogelea yamepangwa, watoto kila mahali. Nilikuwa narekodi video. Mkono mmoja rimoti, mwingine simu, na jicho langu liko kwa simu. Mtoto wa miaka kama sita akatoka mbio kufuata mpira wake. Gari langu likamgonga kwenye kifundo cha mguu. Akaanguka, damu ikatoka, na kile kilio bado nakisikia.

Mamake alikuja. Hakunitukana. Aliniangalia tu akaniuliza, "Wewe, una mama?"

Nilikimbia kwa muuza soda nikaomba barafu. Nilikaa pale na huyo mama hadi mtoto akatembea tena. Nilipofika nyumbani nilipiga ile hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kuwasha gari. Gari la kilo 2 na nusu likienda kilomita 45 kwa saa lina nguvu sawa na kitu cha uzito huohuo kilichoangushwa kutoka mita 8 juu. Hiyo ni kama dirisha la ghorofa ya pili. Sasa niambie, ungesimama kwa dirisha la ghorofa ya pili, chini kuna watoto, uanze kurusha matofali ya kilo 2 na nusu ukirekodi video?

Ile video niliifuta. Ingepata watazamaji, najua. Hicho ndicho kinachonitisha.

Na kuna wale wanaopenda kupanda juu, kwenye ule mchanga mkavu karibu na majani, kwa sababu magurudumu yanarusha mchanga na inaonekana poa kwa kamera. Wasee, pale ndipo kasa wanataga. Kasa jike anapanda usiku kupita mahali maji yanafika, anachimba, anafukia mayai, anarudi baharini. Mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili. Wewe huwezi kuyaona, huo ndio ujanja wake. Watoto wakitoka, kila mmoja ni mdogo kuliko kiganja chako, na lazima atambae mwenyewe hadi majini kabla kaa na ndege hawajamfikia. Alama ya tairi ambayo kwako ni picha nzuri, kwake ni mtaro. Kasa analindwa na sheria ya Kenya, na hata asingelindwa, amekuja huu ufuo kabla ya hoteli, kabla ya Tamiya, kabla yako.

Sasa angalieni kitu nilichogundua baada ya kukaa na hasira wiki nzima.

Ule mstari wa maji kujaa, ile alama ya mwani na vijiti inayobaki maji yakirudi, ndio jibu la pande zote mbili. Chini yake, Katiba inasema ni ardhi ya umma, kwa hivyo soja hana lake. Chini yake hakuna mayai ya kasa, kwa sababu kasa hatagi mahali bahari itayazamisha. Chini yake mchanga ni mgumu na gari linashika vizuri kuliko kule juu. Na chini yake, alama zote ulizoacha maji yanazifuta jioni hiyohiyo, kana kwamba hukuja.

Kitu kimoja tu kibaya kule chini: chumvi. Itakula gari lako. Itabidi ukifika nyumbani ulioshe na maji baridi, ulikaushe, upake mafuta beringi, hata kama umechoka, hata kama huku kwetu maji tunanunua kwa mtungi. Na betri ikiingia maji ya bahari usiizike mchangani eti imeisha. Betri za litiamu zilizoharibika zinaweza kushika moto. Rudi nayo. Hiyo ndiyo bei ya kucheza mahali pako. Mimi nailipa. Ukiona ni ghali, kacheze kwa lami.

Kwa hivyo huu ndio msimamo wangu, na mnaweza kunishikilia kwa huo.

Kwa hoteli: juu ya ule mstari ni kwenu, na sitapanda. Sitakanyaga nyasi zenu, sitapita kati ya vitanda vyenu. Lakini usimtume mzee wa watu ashuke chini kuja kunidanganya kwamba bahari ni yako. Kama kelele ndiyo shida, anza na ile pikipiki uliyoipigia saluti.

Kwa watu wangu: chini ya mstari, mbali na watu, macho kwa gari. Ukitaka video, beba rafiki ashike simu. Siku ya sikukuu, Pirates, acha gari nyumbani. Nenda asubuhi na mapema, angalia kwanza maji yanapwa saa ngapi. Mtoto akikaribia, zima, na ukiweza mpe rimoti ashike kidogo, kwa mwendo wa kobe. Ukikutana na askari wa KWS kwenye hifadhi ya bahari akuambie sogea, sogea, huyo ana sheria nyuma yake. Soja wa ukuta ana ukuta nyuma yake. Hao ni watu wawili tofauti.

Na tukifukuzwa tena, hakuna kutukana, hakuna kusukumana, hakuna kumrekodi mzee wa watu kumfanya kichekesho mtandaoni. Huyo mzee ni wa mtaa wetu. Pengine jioni anapanda matatu moja na mimi. Unamwambia kwa heshima, "Shikamoo mzee, mimi niko chini ya mstari wa maji. Hapa ni pa mimi na pa wewe pia." Halafu unabaki umesimama. Hiyo tu. Kusimama.

Jumapili hii maji yakipwa, nitarudi palepale. Gari nimeshalitengeneza, beringi mpya nimeweka. Mfukoni nitakuwa na Kifungu cha 62 kwa karatasi, kimepigwa chapa kwa saibaa ya mtaa, shilingi 10. Moja yangu, moja ya yule mzee. Akitaka kunifukuza baada ya kuisoma, sawa, anifukuze akijua anafukuza nani na kutoka wapi.

Na akitaka, nitampa rimoti. Natumaini ataitaka.