Watu wa mawe wanaosubiri wageni Kalokol

MTU wa mjini akitajiwa sanamu, mara moja hufikiria shujaa aliyesimamishwa mahali pa juu. Katika Barabara ya Kimathi, Nairobi, yupo Dedan Kimathi na bunduki yake, sanamu iliyozinduliwa mwaka wa 2007. Watoto husoma jina, hupiga picha, na ziara ikaisha. Leo, msomaji, nakuomba uwapeleke mahali ambapo hapana jina la kusoma.

Ukiwa Lodwar, shika njia ya Kalokol, kuelekea Ziwa Turkana. Ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Jamaa na wanafunzi wa Kakuma wao wataongeza kilomita 120 hivi za kuteremka hadi Lodwar kwanza. Kabla ya kufika Kalokol, kando tu ya barabara, utaona kundi la nguzo za mawe ya volkano. Baadhi zimesimama wima, nyingine zimeinama kama wazee wanaonong'onezana. Juu ya baadhi yake wapita njia wameweka vijiwe.

Hapo ndipo Namoratunga, yaani watu wa mawe. Wenyeji husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakamcheka pepo, naye akawageuza mawe papo hapo.

Wataalamu nao wana yao. Mwaka wa 1978, Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo 19 za hapa zilipangwa kufuata nyota, kama kalenda. Wenzao wakatilia shaka. Uchimbaji wa baadaye katika sehemu za aina hii karibu na ziwa umeonyesha kwamba zilijengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hili, yapata miaka 5,000 iliyopita.

Habari kubwa zaidi ilitoka Lothagam, magharibi ya ziwa hilo hilo, na kutangazwa mwaka wa 2018. Huko, chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wamezikwa watu wasiopungua 580. Baadhi ya nguzo zake zilitolewa umbali wa hadi kilomita moja. Je, alizikwa mfalme hapo? La hasha! Wamo wanaume kwa wanawake, vikongwe na watoto wachanga, na karibu wote walivikwa mapambo. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani. Hakuna dalili kwamba mkubwa alitengwa na mdogo.

Nyakati hizo mvua ilikuwa ikipungua na ziwa likirudi nyuma. Watu waliokuwa wakihangaikia maji na malisho walipata muda wa kubeba mawe mazito kwa ajili ya wafu wao wote.

Basi ukifika Kalokol, mzazi, usianze na hotuba. Waache watoto wazunguke nguzo, kisha waulize: hizi zilisimamishwa kwa ajili ya nani? Atakayejibu "mtu mkubwa", msimulie habari za Lothagam.

Nendeni asubuhi jua likiwa bado changa, mkiwa na maji ya kutosha. Msipande juu ya nguzo, msichore majina, wala asiwepo wa kutia kipande mfukoni. Jiwe likishang'olewa, hakuna fundi awezaye kutuambia lilisimama wapi.