Msimwite Shujaa

Nimechoka kusikia ati Ruffian alikufa kishujaa. Shujaa gani, jamani, ambaye hakuulizwa kama anataka vita?

Hebu tusemezane, ndugu msomaji. Farasi jike huyu wa Marekani alishinda mbio zake zote 10 za mwanzo, 1974 na 1975. Majike wa rika lake walibaki kumwona mgongo. Ilitosha! Lakini wakubwa wa mbio hawakushiba. Wakataka ashindanishwe na dume, wawili tu, mbele ya televisheni: Ruffian na Foolish Pleasure, bingwa wa Kentucky Derby.

Tarehe 6 Julai 1975, katika uwanja wa Belmont Park, New York, watu zaidi ya 50,000 walijazana. Kabla ya nusu ya safari, mguu wa mbele wa kulia ukavunjika. Mpandaji akavuta hatamu. Yeye bado anakimbia, mfupa nje! Wakampasua. Usingizi wa dawa ulipomtoka, akarusha miguu kama yuko mbioni, akajivunja upya. Wakamuua. Umri miaka 3.

Ati alikuwa na moyo wa kukimbia. Sikatai. Moyo huo ndio waliouchezea kamari. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wachumaji walihesabu viingilio, janga akalila farasi peke yake.

Kisha walimzika palepale uwanjani, pua ikielekea mstari wa ushindi. Hata maiti walitaka ishindane! Mifupa yake ilirudishwa Kentucky, alikozaliwa, mwaka 2023.

Miaka 48 kaburini, bado yuko mbioni. Huo ndio ushujaa mnaousifu?