Jiko la Mkaa Si Blanketi

Nina mimba ya miezi saba, niko mwaka wa pili wa ualimu, na huu ni mwezi wa saba hapa Mbeya. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa saba hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa wenzangu mliotoka Tanga na Pwani ambao bado mnashangaa: mji huu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Maji ya bombani asubuhi yanauma vidole. Sakafu ya saruji inapandisha baridi mpaka magotini.

Naandika kwa sababu mwezi uliopita nusura nife chumbani kwangu, mimi na mwanangu, kwa jiko la mkaa nililolinunua kwa hela yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Tumbo lilipoanza kuonekana, hosteli niliyokuwa nikikaa walinishauri kwa upole nitafute pengine pa kuishi. "Hapa si wodi, dada." Sikubishana. Kitanda changu kilikuwa cha juu kwenye dabodeka, na kukipanda kulishaanza kuwa kazi. Nikapanga geto mtaani, la bei ya mwanafunzi: dirisha halifungi sawasawa, mlango una upenyo chini, na luku tunachanga wapangaji wanne. Hela ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku. Bumu likichelewa, ni shilingi sifuri kwa siku. Hita ya umeme ningeipata wapi?

Usiku ule nilikuwa najiandaa na testi ya saikolojia ya elimu. Nikawasha jiko nje, nikangoja mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, kama tulivyofundishwa nyumbani. Nikaliingiza ndani. Nikaziba dirisha kwa maboksi na chini ya mlango kwa kanga. Joto likaja, tamu kweli. Kwenye saa nne kichwa kikaanza kugonga, nikatapika. Nikajisemea, si mimba tu hii? Nikalala. Mama mwenye nyumba alikuja kuazima kibiriti, akagonga, hakuitikiwa, akasukuma mlango. Aliniburuta mpaka uani, akaita bajaji. Kituo cha afya nesi alinitazama mara moja tu: "Mama, umelala na jiko?" Walinipa oksijeni, kisha wakasikiliza mapigo ya mtoto. Dakika ile ya kusubiri kusikia mapigo siwezi kuiandika.

Nesi alinieleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa darasani wala nyumbani. Kinachoua si moshi unaouona. Mkaa ukiwaka mahali penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na kuchukua nafasi yake. Kwa mjamzito ni mbaya zaidi, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huishika gesi hiyo kwa muda mrefu kuliko damu ya mama. Mama anaweza kuamka akiwa na kichwa kizito tu, mtoto akawa ameumia zaidi. Na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, ndizo zilezile tunazosingizia mimba kila siku. Kwa hiyo mkaa mwekundu usio na moshi si salama. Unaficha tu.

Basi mjamzito asiye na hela afanyeje? Nitasema yanayonisaidia mimi. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hiyo nimeomba maboksi dukani, nimeyatandika chini ya godoro, juu yake mkeka. Hayakunigharimu kitu. Sweta zito nililipata kwenye mitumba ya Sido kwa shilingi 4,000, jioni watu wanapofunga biashara. Nguo mbili tatu nyepesi zilizopandana zinatunza joto kuliko moja nene, kwa hiyo taiti chini ya sketi, kitenge juu ya kitenge, soksi mbili, kofia ya sufu hata kitandani. Mpira wa maji ya moto wa duka la dawa ulinigharimu hela ya siku moja ya kujikimu. Naufunga kwenye kanga na kuuweka miguuni, siyo tumboni. Uji wa ulezi usiku. Chai ya tangawizi pia, ila si pamoja na chakula wala na vidonge vya kuongeza damu, maana majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Na jambo moja zaidi: ukiona unasikia baridi kuliko wenzako wote, usinunue sweta lingine tu. Nenda kliniki upimwe damu. Upungufu wa damu nao humfanya mtu asikie baridi.

Najua wapo watakaosema: tumekuja kusoma, hatukuja kuzaa, nani alikutuma? Nimeyasikia kwenye foleni ya kantini, yakisemwa kwa sauti ya kunitaka niyasikie. Sina haja ya kumweleza mtu habari za ndoa yangu. Nauliza swali moja tu, kwa sababu wengi wetu humu tunasomea ualimu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi darasani. Huyo msichana atarudi kwenye darasa la nani? Ni darasa letu. Tukimaliza UE tunakwenda mazoezi ya kufundisha, mimi nikiwa na tumbo la miezi minane. Mwalimu ambaye chuoni alimcheka mwenzake mjamzito, atampokeaje binti wa miaka kumi na saba aliyemwacha mtoto kwa bibi yake?

Mimi naamini aibu ndiyo iliyoniingizia jiko ndani. Ningeweza kuomba blanketi kwa wenzangu ishirini. Sikuomba hata kwa mmoja, kwa sababu kuomba kulimaanisha kusimama na tumbo langu mbele ya mtu na kusema nimeshindwa.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. La kwanza: mwezi huu wa mwaka wa tatu wanaondoka, wengi wanarudi Dar na Morogoro ambako koti ni mzigo. Waacheni waweke makoti, masweta na mablanketi yao kwenye ofisi yenu, yafuliwe, yaazimwe kipupwe kijacho bila kuuliza mtu sababu. La pili: zungumzeni na kantini mwanafunzi aweze kujaza chupa ya chai maji ya moto jioni. La tatu: kaeni na wasimamizi wa hosteli. Mjamzito anahitaji kitanda cha chini, hahitaji kuonyeshwa mlango. Ukimtoa kwenye jengo lenye watu, unamwacha peke yake na jiko.

Na wewe unayesoma hapa, kama jirani yako ana mimba na umeona moto ukiingia chumbani kwake usiku, kagonge mlango. Singizia kibiriti kama unaona haya. Mama mwenye nyumba wangu mpaka leo hajui kwa nini kibiriti chake kiliisha usiku ule, na kila nikipita mlangoni kwake namwambia ndaga, Mama.