Bidoni ya maji isichaguliwe kwa bei tu

Kila asubuhi huko Baraka na Fizi, wamama na watoto hupanga bidoni za njano kwenye robine. Robine ikikauka, wengi hushuka Ziwa Tanganyika. Katika eneo ambalo kipindupindu hurudi mara kwa mara, namna chombo cha maji kilivyotengenezwa ni jambo la uhai.

Bidoni ya lita 20 ilianzia Ujerumani mwaka 1937, ikiwa ya chuma, kwa ajili ya mafuta ya magari ya jeshi. Mafundi waliipa mikono mitatu: watu wawili wasaidiane kuibeba ikijaa, na mtu mmoja abebe mbili tupu kwa mkono mmoja. Waingereza na Wamarekani walipoiona, waliiiga. Fundi alikuwa amemfikiria mbebaji.

Bidoni ya plastiki ya sokoni, ambayo mara nyingi ilikuja na mafuta ya kupikia, ina mkono mmoja tu. Ikijaa, ni kilo 20 juu ya kichwa cha msichana. Mdomo wake mwembamba una faida, kwa sababu hakuna anayechovya kikombe ndani. Lakini mdomo huohuo unazuia kusugua ndani, na utelezi unajijenga humo. Ndoo wazi ina shida ya kinyume: inaoshwa vizuri, ila kila mkono unaingia.

Suluhisho linajulikana. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji huko Malawi, familia kadhaa zilipewa ndoo za lita 20 zenye mfuniko na mdomo mdogo wa kumiminia. Vijidudu vya kinyesi katika maji yao ya nyumbani vilikuwa pungufu kwa asilimia 69 kuliko kwa majirani wenye ndoo za kawaida. Visima vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni chombo.

Basi serikali na mashirika yanayogawa vyombo wakati wa mlipuko, pamoja na wafanyabiashara wanaoviingiza, waulize maswali matatu kabla ya bei. Je, mtoto ataweza kukibeba? Mama ataweza kukisugua ndani? Maji yatatoka bila mkono kuingia? Bidoni ya lita 10 kwa njiani, na ndoo yenye mfuniko na robine ndogo kwa nyumbani, zinajibu yote matatu. Chombo cha bei rahisi kinachorudisha ugonjwa nyumbani ni ghali mno.