ACHENI KUWANYANG'ANYA VIJANA DAWA KWA JINA LA YESU

Neno la leo si tamu, lakini usinipite.

Soma Marko 5. Yule mtu wa makaburini alikuwa amefungwa pingu na minyororo mara nyingi. Nani alimfunga? Si Yesu. Ni watu wa kwao. Yesu alipofika alimuuliza jina.

Najua utaniambia, "Pastor, yule alikuwa na pepo." Ndiyo. Pepo wapo, na nimewakemea miaka mingi. Lakini soma pia Mathayo 4:24. Wenye pepo wametajwa, wenye kifafa wametajwa, waliopooza wametajwa, kila kundi peke yake. Biblia haikuwachanganya. Tumewachanganya sisi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya vijana, niligawa vikaratasi. Hakuna kuandika jina. Swali moja tu: akili yako ilipougua, ulipitia nini, na sisi tulikutibuje?

Wapendwa, nilisoma nikalia. Mmoja alifungishwa siku tatu wakati tayari chakula kilikuwa kimemshinda. Mwingine anameza dawa za hospitali, zinamletea usingizi na mikono inatetemeka. Akisinzia kwenye ibada tunamkemea roho ya uzembe. Mwingine aliambiwa nyumbani kwamba amerogwa, akaanza kumwogopa nyanya yake mwenyewe. Na mmoja aliandika: "Pastor, hii ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza."

Mara ya kwanza! Na kanisa limejaa watumishi!

Hilo la kurogwa si mchezo hapa Gusii. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kwamba wamemroga kijana mwanafunzi. Wanne! Tukikataa kuuliza ugonjwa ni nini, tunaanza kuuliza mchawi ni nani. Damu hiyo inalia, na mhubiri anayetaja "abarogi" kila Jumapili asijioshe mikono kama Pilato.

Na mimi nina deni. Miaka ya nyuma mama mmoja aliniletea kijana wake aliyekuwa akisikia sauti. Alikuwa na vidonge mfukoni. Nilimwambia aviweke madhabahuni, akaviweka. Baada ya majuma machache alipatikana usiku barabarani, bila viatu, hajui anakokwenda. Kwa neema yuko hai, anameza dawa, na anaomba kuliko wengi wetu. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Ameniruhusu niseme haya.

Eliya alipochoka hadi akaomba kufa (1 Wafalme 19), Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akamuuliza, akamsikiliza. Hata Mahakama Kuu, Januari 2025, ilisema sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mahakama imelegeza kamba, na sisi madhabahu tunaikaza?

Mtumishi mwenzangu, Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Wewe umesomea dawa wapi hata umwambie mtoto wa watu aziache?

Kijana wangu, dawa ikikusumbua usiikatishe kimya kimya. Rudi kwa daktari umwambie. Nikiwa na nafasi nitakusindikiza, iwe hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, na nitakuombea njiani. Na mawazo ya kufa yakikujia, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo.

Mzazi, kamba si tiba. Mfungue.

Leo usikimbilie kuandika AMINA. Kwanza mpigie kijana mmoja simu, muulize anaendeleaje, halafu nyamaza umsikilize. Ukimaliza, rudi hapa uandike AMINA.