Banani bamehamisha mechi?

Oktoba 2025 wachezaji wa ligi ya Hispania walisimama tuli kwa sekunde 15 baada ya kipenga cha kuanza, mechi baada ya mechi. Walikuwa wakipinga mpango wa kupeleka mchezo wa Villarreal na Barcelona mjini Miami. Siku chache baadaye mpango ukafutwa. Baraka, nilikokuwa nikimalizia likizo, ubishi haukufutwa. Katika chumba cha video karibu na soko kila aliyelipa kiingilio alitaka kusema neno lake: je, taifa lina haki ya kupeleka mashindano yake ng'ambo?

Naandika kwa sababu ubishi ule ulikuwa wa lugha kuliko wabishi wenyewe walivyodhani.

Tuanze na ng'ambo. Ni upande wa pili wa maji, kisha, kwa kupanuka kwa maana, nchi za nje. Zanzibar wana Ng'ambo yao, sehemu ya mji iliyokuwa upande wa pili wa hori, na hakuna anayehitaji pasipoti kufika huko. Sisi tuko kwenye ghuba. Ukisimama ufukweni Baraka, ng'ambo unayoiona kwa macho ni rasi ya Ubwari, nayo ni Fizi hiyo hiyo. Ng'ambo ya pili, nyuma ya Ubwari, ni Tanzania, na huko watu wetu wamevuka na kurudi kwa vita na kwa biashara. Kinshasa, kwa maana hiyo ya maji, si ng'ambo. Hakuna ziwa linalotutenga nayo. Lakini jaribu kwenda kutazama fainali kwenye Stade des Martyrs kutoka Baraka bila nauli ya ndege, halafu uje unieleze.

Papa mmoja aliyekaa nyuma alilimaliza jambo hilo kwa sentensi moja: "Siye, finali yote banaichezeaka ng'ambo." Vijana wakacheka. Mimi nilichukua kalamu. Angalieni kitenzi kile: ile -ak- ya mazoea, ambayo walimu wa Kiswahili sanifu hutukata nayo alama, na ile ba- ya mwanzo, "wao" wasiotajwa. Nitairudia hiyo ba-.

Papa alikuwa na ushahidi. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, Simba na Yanga, ilichezwa Kigoma, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika. Simba walishinda 1–0, bao la Taddeo Lwanga. Yanga walikuwa na Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe, wote waliotoka AS Vita Club, na Simba walikuwa na Chris Mugalu. Kwa mtu wa Baraka ile ilikuwa fainali ya taifa la watu wengine, iliyochezwa ng'ambo, na bado ilikuwa karibu naye kuliko fainali yoyote ya Congo. Basi, wakasema vijana, mpaka ni kitu gani? Waachieni Wahispania waende Miami. Sisi tumezoea.

Hapo ndipo ninapoachana nao, ingawa nakiri hoja yao ina uzito. Agosti 2013 PSG na Bordeaux walicheza Kombe la Mabingwa la Ufaransa mjini Libreville, na watu wa Gabon walipata usiku ambao kwa kawaida huuona kwenye kioo tu. Sitawaambia kwamba furaha yao ilikuwa ya bandia. Lakini Kigoma si mfano wa Libreville. Fainali ya Kigoma ilitolewa kwenye miji iliyozoea fainali ikapelekwa kwa Watanzania wenzao wasiozoea. Kwetu ni ng'ambo, kwao ni nyumbani.

Sasa ile ba-. Kiswahili cha magazeti kinasema: mechi imehamishwa. Kitenzi kimekaa vizuri kabisa bila mtenda. Unaweza kukiandika maisha yako yote usiulizwe na nani. Kule Baraka watu wengi hawasemi hivyo. Wanasema "bamehamisha mechi." Ni kweli ba- hiyo haitaji mtu, lakini inaacha nafasi ya mtu. Mtoto wa miaka minane anaweza kuuliza mara moja: "Banani?" Sentensi ya gazeti haimpi mlango huo. Nimesoma mengi kuhusu kutendwa katika lugha za Kibantu, lakini sijawahi kuona tofauti hiyo ikifanya kazi waziwazi kama nilivyoiona usiku ule.

Chukueni mechi mbili ambazo gazeti lingezieleza kwa kitenzi kilekile. Juni 2024 Kenya iliikaribisha Burundi katika mchujo wa Kombe la Dunia, na ilikuwa "nyumbani" mjini Lilongwe, Malawi, kwa sababu viwanja vyake havikuwa vimekubaliwa na CAF. Ilitoka sare 1–1, kisha siku nne baadaye Kenya ikatoka 0–0 na Côte d'Ivoire palepale. Hakuna Mkenya aliyefurahia kuwa mwenyeji katika nchi ya watu. Ukiuliza banani, jibu ni wale waliopaswa kutengeneza viwanja kwa wakati.

Mechi ya pili ni Kombe la Super la Hispania. Tangu Januari 2020 linachezwa Saudi Arabia karibu kila mwaka, na timu ziliongezwa kutoka mbili hadi nne. Huko hakuna uwanja uliobomoka. Aprili 2022 ilijulikana kwamba kampuni ya Gerard Piqué, aliyekuwa bado mchezaji wa Barcelona, ndiyo iliyokuwa dalali wa mkataba kati ya shirikisho la Hispania na Wasaudi, kwa malipo yake yenyewe. Piqué na Luis Rubiales, rais wa shirikisho wakati huo, walisema hakukuwa na kosa lolote. Huenda. Lakini kwa miaka miwili mashabiki walikuwa wameambiwa kwamba mashindano "yamehamishwa", kama vile upepo ndio uliyabeba.

Kuhama kwa kukosa na kuhama kwa kuuzwa si kitu kimoja, na watu wa Fizi tusingepaswa kuhitaji kuelezwa hilo. Wengi wetu tuna ndugu waliolala miaka mingi Nyarugusu, kule Kigoma. Hakuna hata mmoja wao anayesema "nilihamishwa". Wanasema walikimbia, na wanakuambia walimkimbia nani.

Kijana mmoja alileta hoja ya diaspora: Wakongomani wamejaa Brussels, kwa nini nao wasipelekewe fainali ya Kombe la Congo? Ni hoja nzuri masikioni. Ila kama kipimo ni wingi wa Wakongomani walio mbali na nyumbani, Nyarugusu ingekuwa kwenye orodha, na sijasikia shirikisho lolote likiitaja. Mashindano yanayovuka maji hufuata mfuko. Shabiki wa ng'ambo hutajwa baadaye, kwenye hotuba.

Mashabiki wa Hispania walifaulu kuhusu Miami kwa sababu swali lao lilikuwa na mtu wa kujibu. Wachezaji walisema hawakuulizwa, na wenye ligi wakajulikana kwa majina. Hata kamera zilipogeuzwa nje ya uwanja katika mchezo wa Oviedo na Espanyol ili tusiwaone wachezaji wamesimama, kila mtu katika chumba kile alijua kuna mkono uliozigeuza. "Banatuficha," mtu akasema. Ba- tena.

Baadhi yetu hapa kitivoni tutakuwa watangazaji wa michezo kwenye redio za Uvira, Kalemie na kwingineko. Siku FECOFA itakapotangaza kwamba fainali yetu imehamishwa kwenda Doha, nawaomba msisome tangazo lile kama lilivyoandikwa. Semeni nani ametia sahihi, kwa bei gani, na ni franka ngapi za bei hiyo zitakazofika kwenye kiwanja cha Baraka.