Sentimita 50 kwa Mkono wa Nani?

Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua sangara ambaye urefu wake haujafika sentimita 50. Kanuni hiyo huandikwa ofisini lakini hutekelezwa mtumbwini, ambako aghalabu rula haipo. Kwa hiyo, suala la kugeuza vipimo vya metriki kuwa vipimo vya mwili si la kinadharia tu. Linagusa riziki ya wavuvi wa mialo ya Mwanza, Sengerema na Ukerewe, na uhai wa samaki wenyewe.

Kiswahili hakina upungufu wa msamiati katika uwanja huu. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Mkono, au dhiraa, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa kando. Kwa desturi, shibiri 2 ni mkono 1, na mikono 4 ni pima 1. Kamusi hulinganisha dhiraa na inchi 18, yaani takriban sentimita 46. Kwa hesabu hiyo, sentimita 50 ni mkono 1 na upana wa vidole 2.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Ikiwa mkono wa mvuvi mmoja una sentimita 42 na wa mwenzake 49, "mkono na vidole 2" utakuwa sentimita 46 kwa wa kwanza na 53 kwa wa pili. Wote wawili wametii maneno yale yale, lakini mmoja amevunja sheria.

Wapo watakaodai kwamba vipimo hivyo basi vitupwe. Dai hilo halina uzito. Mvuvi anayepima kamba yake kwa pima zake mwenyewe hapotei, kwa kuwa kamba na mikono ni vya mtu mmoja. Kinachopotosha ni tafsiri inayokifanya kipimo cha mtu kuwa kipimo cha watu wote.

Inafaa, basi, wanakamusi waoneshe wazi kwamba ulinganifu huo ni wa makadirio. Nao waandishi wa vijitabu vya uvuvi wasimpe mvuvi jibu, bali njia: aupime mkono wake kwa rula mara moja, ajue umepungua au umezidi kiasi gani, kisha achonge alama ya sentimita 50 kwenye kafi lake.